Tope la Shamba la Chini

Wivu wa Khaemba ulianza siku Omolo alipopanda trekta, tusizunguke. Kabla ya hapo walikula sahani moja, kule Mau Narok kwa mzungu waliyembandika jina Bwana Mafua, maana pua yake haikukauka masika wala kiangazi. Khaemba alikuwa dereva wa ng'ombe wa kulima: yeye nyuma na mjeledi, Omolo mbele ameshika kamba ya jozi ya kwanza. Na kila mtu shambani alijua, wa mbele ni mdogo kwa wa nyuma. Hakati kona mpaka wa nyuma aseme.

Sasa, miaka ile ya Emajensi, Mau Mau wakiwa msituni, ikaja trekta nyekundu kutoka Nakuru. Bwana Mafua akatupa macho, akamchagua Omolo. Kwa nini Omolo? Eti ana miguu mirefu, anafikia breki. Khaemba aliposikia, hakula tena sahani moja naye.

"Leo nimemuona Omolo," mkewe Nasimiyu akamwambia akisonga ugali. "Amekaa juu kule utadhani DC."

"Si umfuate basi."

"Baba Nabalayo, kwani nimesema nini?"

Hakuwa amesema kitu kibaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alilala amegeukia ukuta.

Ng'ombe walikuwa bado zizini. Bwana Mafua alikuwa hajaamua kama atawaweka au atawauza, na Khaemba hakupata raha. Wakiuzwa, mjeledi unatundikwa, anakuwa kibarua wa jembe kama wengine. Miaka yote ile nyuma ya ng'ombe, halafu jembe.

Asubuhi moja Omolo alisimamisha trekta kando ya zizi, akashuka, akavua kofia.

"Mkubwa, ile shamba ya chini, penye nyasi mbichi. Wewe ulikuwa unaiacha mpaka mwisho. Naweza kuingia sasa?"

Khaemba alijua vizuri kwamba chini ya zile nyasi kuna tope la kumeza mtu mpaka kiunoni. Lakini aliiona kofia mpya mkononi mwa Omolo, akaona na mafuta meusi kwenye vidole vyake, ambayo wasichana wa kuchuma pareto walikuwa wakiyasifu kama manukato. Roho ikamuuma jamani.

"Ni kavu," akasema. "Pita tu."

Trekta ilizama mpaka magurudumu ya nyuma yakapotea. Watu wakakimbia kutazama. Bwana Mafua akaja akipenga kamasi, akaamuru ng'ombe waletwe, na Khaemba akawaleta akipiga mluzi, kifua mbele. Waliivuta ile trekta kwa shida, wakaitoa. Nasimiyu alikuwa pale anaona, na Khaemba alihakikisha anaona.

Bwana Mafua hakusifu mtu. Alimtazama Omolo.

"Wewe naingia hapa kwa nini?"

"Nimeuliza Khaemba, Bwana, kama ulivyosema. Akasema ni kavu."

Mzungu akageuka polepole.

"Khaemba nasema kavu? Basi, wewe tafanya kavu. Chimba mtaro mpaka mtoni. Ng'ombe naenda bucha Gilgil."

Waliswagwa siku iliyofuata. Khaemba alikuwa tayari mtaroni, maji ya baridi yakimfika magotini, Omolo alipomfuata na chupa ya chai. Alimpa, akachuchumaa ukingoni.

"Mkubwa, mimi ndiye nilimuomba Bwana hii ya chini ibaki ya ng'ombe wako. Akasema, muulize Khaemba. Akisema ni tope, ng'ombe wanabaki."

Khaemba alishika chupa bila kunywa.

"Na hukuniambia?"

"Nilikuuliza," Omolo akasema.

Akainuka, akaenda kuwasha trekta.