Sadaka ya Amani

Mama Odette alikuwa na sikio moja zuri na jingine la kupambia kichwa. Jumapili ile, kwa bahati mbaya, lile zuri lilielekea dirishani, kwenye kelele za pikipiki, na la pambo likaelekea kwa Pasta Marcellin.

Pasta alikuwa akifundisha kitabu cha Walawi. Mama Odette alidaka vipande: sadaka ya kuteketezwa, sadaka ya unga, mafuta ya figo. Kisha pasta akapaza sauti, hata sikio la pambo likaamka.

"Jumapili ijayo mutu asikuje mikono mitupu! Sadaka ya amani, Mungu anaiomba!"

Mama Odette akashika kifua. Amani alikuwa mbuzi wake jike. Na kwa Kiswahili cha Bujumbura, mbuzi "inaombwa" na amani ya moyoni nayo "inaombwa". Sikio bovu litatofautishaje?

Tena hakuwa mbuzi hivi hivi. Maji yalipobeba nyumba yake kule Gatumba, Mama Odette alitoka na sufuria kichwani na kitoto cha mbuzi mgongoni, amekifunga kwa kitenge kama mtoto. Walipofika Buyenzi, pakavu, akakiita Amani. Aliyewafungulia mlango siku hiyo ni Raihana, mke wa Hamimu mchinjaji. Aliwapa chumba cha uani, na mbuzi akapewa majani kabla mtu hajaulizwa jina.

Lakini tangu Idi wanawake hao wawili hawakusemezana. Amani alikula kitenge kipya cha Raihana kilichoanikwa kambani, kikabaki kipande kikimning'inia mdomoni kama ndevu. Raihana alilia. Mama Odette, Mungu amsamehe, alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki nzima alitafuta namna ya kumwokoa mbuzi wake. Akamwendea Benite, shemasi wa kanisa.

"Mbuzi jike inakubaliwa, sadaka ya amani?"

"Katika Walawi? Dume ao jike, mama. Mradi haina ila."

Akarudi kutafuta ila. Akafunua meno, akainua kwato, akapuliza masikio. "We mbuzi, huna hata upele?" Amani akamlamba mkono. Alikuwa amenona ajabu. Kile kitenge kilimkaa vizuri.

Jumamosi akaenda kwa Hamimu, maana katika ua ule nyama haikuliwa na wote ila kisu kikishikwa naye.

"Baba Houda, kesho nikitoka kanisani, unichinjie Amani. Mungu amemuomba."

Hamimu akamtazama. "Na Mungu anajua kama ni mwizi?"

Macho ya Mama Odette yakang'aa. "Wizi ni ila?"

"Kwa bibi yangu ni ila kubwa kabisa."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Hakutoka.

Jumapili Mama Odette akaingia kanisani na Amani kwenye kamba, amemwosha kwa sabuni. Kwaya ikaimba, Amani akaitikia. Pasta Marcellin akashuka mimbarini.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni Amani, pasta. Mulisema Mungu anaiomba." Na machozi yakamtoka.

Watu wakacheka, ila pasta hakucheka. Aliketi naye kwenye benchi, upande wa sikio zuri.

"Mama, damu ya mbuzi, apana. Yesu alijitoa mara moja, ikatosha. Lakini sadaka ile ya zamani ilikuwa na utamu wake: mafuta yalienda kwa Mungu, na nyama mwenye kutoa alikula na watu wake. Ile ya shukrani hailali mpaka asubuhi. Sasa utaila na nani, kama jirani mumenuniana? Nilisema kila mutu aende apatane na mwenzake kwanza. Hiyo ndiyo sadaka."

Mama Odette akapangusa macho, akafikiri sana.

"Pasta... na kama mbuzi ni rahisi zaidi?"

Hapo hata pasta alishindwa kujizuia.

Alipofika uani alimkuta Hamimu akizunguka huku na huko. "Nani ameficha visu vyangu? Toka asubuhi natafuta!"

Raihana alikuwa amekaa juu ya beseni lililofunikwa, mikono magotini, haondoki. Akamwona mbuzi yuko mzima, akashusha pumzi.

"Mi sikusema auawe," alisema, akitazama ukuta. "Kitenge ni kitenge."

Mama Odette akaelewa lile beseni. Akaiachia kamba ya mbuzi, akamsogelea.

"Dada, nilicheka. We ulikuwa unalia, na ulikuwa umenipa nyumba. Unisamehe."

"Ulicheka mpaka ukakaa chini."

"Nilikaa chini kabisa."

"Hata pole hukusema."

"Pole, dada. Pole sana."

Raihana akageuka kutoka ukutani. Kisha mdomo ukamcheza. "Lakini ile ndevu..."

"Yoo! Ile ndevu!"

Wakacheka wakishikana mabega. Raihana akainuka kwenye beseni, Hamimu akapata visu vyake, akakata navyo vitunguu. Walikula ugali na ndagala, vile vidagaa vya ziwani, kwenye sinia moja, na Mama Odette akahakikisha hakuna kilicholala mpaka asubuhi.

Walipokuwa wananawa, wakasikia kitu kikichanika. Amani alikuwa amekamata pazia la Raihana.

Safari hii Mama Odette hakuthubutu kucheka. Alingoja kwanza Raihana aanze.