Sauti ya Mwanamke kwenye Redio ya Eliufoo

Yohana alikuwa ameshasema neno lake: jiwe la msaliti halitakaa kihambani kwa baba. Ni mdogo wetu wa mwisho, na kwetu Masama mtoto wa mwisho ndiye huachiwa kihamba, yaani nyumba na migomba inayoizunguka, kwa hiyo neno lake lilikuwa zito. Anaeli alikuwa na machozi tu. Baba yake, mdogo wangu Eliufoo, aliuawa kwenye vita vya Kagera kabla Anaeli hajajua kutembea. Jeshini kazi yake ilikuwa kusikiliza redio za adui, na baadaye zikaja habari kwamba alizungumza nao. Mwili haukurudi. Anaeli alitaka jiwe lenye jina la baba yake, basi.

Ndiyo maana baada ya Krismasi alituletea wazee wawili waliokuwa naye huko: Filemon, wa hapa hapa Masama, na Rogath, Mrombo anayekaa Rau. Ukungu ulishuka mapema mchana ule, ukaikata migomba katikati, tukawa tunaona mashina tu. Niliwapa mtori kwanza. Mwenye njaa hasemi kweli, anasema afupishe.

Filemon ndiye aliyeanza. "Dada Elinipendo, mdogo wako ndiye alikuwa masikio ya kikosi. Mimi na yeye tulipeana habari redioni kwa Kimachame, adui asielewe. Na siku ya lile daraja ndiye aliyesema tusipite, limetegwa mabomu. Alituokoa."

"Ulimsikia akisema?"

Akakoroga mtori. "Siku hiyo nilikuwa hospitali, mguu huu. Niliambiwa na wenzangu."

Rogath akacheka. "Wamachame! Hata uongo mnautia maziwa."

"Na ninyi Warombo mkinuna mnadhani ndiyo ukweli."

"Acheni hayo," Yohana akasema. "Mzee Rogath, wewe ulikuwepo."

Rogath hakumtazama mtu. Alisema alikuwa analinda mlango wa hema la redio. Alimsikia Eliufoo akiongea Kimachame, na Filemon alishachukuliwa na gari la majeruhi, na hakukuwa na Mmachame mwingine. Halafu akajibiwa. Alijibiwa na mwanamke.

"Sisi hatukuwa na mwanamke redioni. Huyo alitoka upande wa pili. Eliufoo akatoka hemani analia, akamwambia mkubwa tusivuke. Tukazungukia kwenye matope, na huko ndiko alikofia yeye, na rafiki yangu pia. Daraja kama lilitegwa nitajuaje? Hatukulikanyaga."

Anaeli akainamisha kichwa. Yohana akaniangalia, kama kusema umesikia mwenyewe.

"Huyo mwanamke alisema nini?" nikauliza.

"Kimachame sikijui, mama. Lakini mlio wake ninao."

Akaweka bakuli chini akautoa, neno kwa neno. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya kuvuta mwishoni, na bandani ng'ombe aliyekuwa amelala akainuka, akasimama, akaacha kutafuna.

Maneno yale aliyatunga mama yetu. Aliyasema kwa ng'ombe, pale ukingo wa mfongo, mfereji wetu wa maji, ulipobomoka: rudi mpenzi, hapo hapana chini. Hakuna mwingine aliyeyasema hivyo, na mama tulimzika Yohana akiwa bado ananyonya. Eliufoo alikuwa hajavaa hata kaptula ya shule.

Nikawapima wale wazee. Filemon alimpenda mdogo wangu, akaleta alichosimuliwa. Rogath alimchukia, akaleta kitu asichojua maana yake, na mtu hatungi uongo kwa maneno asiyoyajua.

"Yohana, jiwe liwekwe."

"Umemwamini Filemon?"

"Nimemwamini Rogath. Habari za daraja sizijui, na hapa hakuna anayezijua. Lakini aliyeongea na Eliufoo hakuwa adui. Alikuwa mama."

Yohana ni mzee wa kanisa. "Dada, hilo tutamwambia nani?"

"Usimwambie mtu. Weka jiwe."

Akaenda kuchukua jembe. Anaeli akajifunika uso kwa kitenge.

Rogath ndiye hakuinuka. Aliniuliza maana ya maneno yale, nikamwambia. Akayapitisha mdomoni polepole kwa Kiswahili.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani ananitukana."

"Wakati ule?"

"Sasa. Tangu masika. Jioni nikienda kufunga banda, kule Rau, upande wa msituni, mwanamke yule yule huniita. Nami humfuata na fimbo nimfukuze. Jana nilifika mpaka kwenye kisima cha zamani, kile tulichokifunika kwa mbao."

Filemon akaweka bakuli lake chini.

"Mbao zenyewe zimeoza, mama," Rogath akasema. Kisha akanisogelea, kwa sauti ndogo: "Nifundishe namna ya kumjibu."

Nikamfundisha kusema kwa Kimachame kwamba nimesikia, ninarudi. Alikosea, nikamrudisha mwanzo, akasema tena, na tena, huku jembe la Yohana likigonga udongo ndani ya ukungu.