Nondo za Dirisha Langu

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea, na hakuna chuma duniani alichowahi kukimaliza. Alikishikiza kwa nukta mbili za moto, kisha akaahidi kurudi. Kwa ahadi zake ungejenga daraja la kufika mwezini, ila usithubutu kulipita.

Mimi aliniahidi dirisha lenye nondo imara. Wezi walikuwa wakipenyeza mikono wakipapasa blanketi langu, nami nililala nimekumbatia nyundo. "Kesho, mama," aliniambia tangu nina meno ya utoto. Nondo zenyewe alizishikiza tu, tena kwa makusudi. Mteja akija na hasira, baba alipiga teke moja, nondo zikaanguka nje, naye huyoo, katokomea. Jioni alizishikiza upya.

Lakini nilikuwa nimekua, na kumshikia vyuma miaka yote hiyo kulinifundisha kazi. Siku moja alipokwenda kuahidi watu wengine, niliwasha mashine nikazichomelea nondo zangu pande zote, mpaka ukuta ukatoa jasho. Usiku ule nililala kama gogo. Sikumwambia. Nilitaka aone mwenyewe.

Akaona.

Kesho yake mchana alikuja muuza nyama, bonge la mtu, shingo imemezwa na mabega. Geti lake la nukta mbili lilikuwa limemwangukia mkewe na kumvunja mguu. Mkononi alishika kipande cha geti hilo hilo.

"Fundi! Toka, nimekuletea geti lako!"

"Mwambie sipo," baba akaninong'oneza, akakimbilia chumbani kwangu.

"Hayupo," nikasema.

"Kaenda peku? Si viatu vyake hivi?"

Mlango nao ulikuwa wa kushikiza. Bega moja tu, chini. Papo hapo nikasikia teke chumbani, halafu mfupa ukalia kwaa, halafu baba akapiga ukelele ulioitikiwa na mbwa wa mtaa mzima. Akapiga teke la pili kwa mguu uliobaki. Nondo hata hazikutikisika.

Muuza nyama akamkuta pale pale. Chuma cha kwanza kilimpata begani, cha pili kikashuka tayani. Meno yaliruka. Moja, niamini usiniamini, lilipita katikati ya nondo likaenda kumng'ata kuku wa jirani.

"Kesho!" baba alisema, damu ikibubujika. "Haki ya Mungu, kesho namaliza!"

Neno hilo nusura limuue. Chuma kikapanda tena, safari hii kikilenga utosi. Nikanyakua nyundo yangu kitandani, nikakikinga. Cheche zikaruka, mkono mzima ukafa ganzi.

"Geti nitalichomelea mimi," nikasema.

"Wewe? Mtoto wa tapeli huyu?"

"Tingisha dirisha hilo."

Alizishika nondo kwa mikono miwili akavuta mpaka macho yakamtoka. Akatazama viganja vyake vilivyochubuka, kisha akanitazama mimi.

"Kachomelea nani?"

"Mimi."

"Beba vifaa. Twende."

Baba akanidaka mguu. "Mama, usiniache hapa."

"Narudi sasa hivi," nikamwambia.

Akaanza kulia upya. Neno hilo alilijua vizuri, alikuwa amelitumia maisha yake yote.

Jua halijazama nikarudi, nimefuatana na tabibu wa mifupa. Alimfunga baba taya kwa kitambaa mpaka utosini, na hadi kitambaa kile kilipofunguliwa, nyumba yetu haikusikia ahadi hata moja.