Kilio cha Mlango wa Mawe

Kila siku watu wa Elisabethville walipita Mlango wa Mawe, na hakuna aliyejisumbua kuuliza ni nani waliopasua kilima kile. Upande huu ilikuwa cité, makazi ya watu weusi, na upande ule mji wa wazungu. Katikati mwamba ulikatwa ukaacha njia nyembamba, gari moja tu likiingia limeijaza. Asubuhi wapishi, maboi na mafundi waliingia humo wakisukumana, jioni wakarudi wakisukumana vilevile.

Mzee Abibu alikuwa mmoja wa walioukata mwamba huo, kwa nyundo na mtalimbo, enzi zile ambapo mtu akiomba maji alijibiwa kwa fimbo. Vumbi la mawe likamla mapafu. Alikohoa miaka na miaka, na alfajiri moja kikohozi kikanyamaza.

Amadi, mwanawe wa pekee, fundi wa magodoro, hakulia. Alikuwa na kazi ya kufanya. Kwa Waislamu wa Maniema maiti haiachwi ilale ndani, na mwana ndiye anayeshuka kaburini kumpokea baba yake. Akamwosha, akamvika sanda, wakamsalia, na baada ya adhuhuri wanaume wakaliweka jeneza mabegani. Wazungu walikuwa wameyatupa makaburi ya Waislamu ng'ambo, nyuma kabisa ya mji, kwenye ardhi ambayo hakuna mzungu aliyeitaka. Yaani hata ukifa, sharti upite kwao.

Mlangoni wakakuta kamba. Nyuma ya kamba alisimama polisi Casimir, kofia yake nyekundu kichwani, kiboko kiunoni. Hakuwa mgeni kwao. Alikuwa jirani, Mkatoliki wa Kongolo, na mwaka uliopita Casimir alipofiwa na mtoto, Mzee Abibu, licha ya kikohozi chake, alikaa naye kwenye mkeka mpaka kilio, yaani matanga, kikaisha.

Casimir akaeleza huku anatazama viatu vyake. Mgeni mkubwa wa kutoka Ulaya alikuwa njiani, anakuja kwa gari kutoka upande wa Rhodesia, na bwana mkubwa alitaka mji uwe safi. Kuwa safi maana yake mtu mweusi asionekane. Waliomo watoke, walio nje wasiingie mpaka kesho.

Amadi akaomba wapite wanne tu, wabebaji. Akakataliwa. Akaomba apite yeye peke yake, jeneza alikokote ikibidi. Akakataliwa tena. Kuzunguka kilima hakukuwezekana, jua lingezama wakiwa porini.

"Anayepita ni maiti, Casimir," alisema Amadi.

"Maiti nayo iko muntu mweusi," Casimir akajibu, kwa sauti ndogo.

Amadi alihisi damu inampanda mpaka machoni. Mtu aliyekula ugali wa baba yake, akalia begani kwa baba yake, leo anampimia baba huyo huyo rangi ya ngozi ndani ya sanda! Angemrukia kama wenzake wasingemshika.

Wakati huo wote wafanyakazi waliofukuzwa mjini walikuwa wakitoka, wameijaza njia ya mwamba, foleni yao ikianzia kule nyuma ya mji, karibu na makaburi. Wa mbele alikuwa Mumba, Mbemba, mfanyakazi wa reli, asiyeijua sala ya Kiislamu hata moja. Alisimama, akatazama jeneza, akatazama kamba, akaelewa.

"Banakataza bantu kuingia," alisema. "Mikono habakukataza. Leteni baba."

Akainua mikono. Aliyekuwa nyuma yake akainua yake, na wa nyuma yake tena. Jeneza likapita juu ya kamba, likapita juu ya kofia ya Casimir, likaenda vichwani mwa watu, mkono hadi mkono, bila mtu mmoja kupiga hatua kuelekea mjini. Kiboko cha Casimir kikabaki kiunoni. Ujumbe nao ukaenda mdomo hadi mdomo: wachimba kaburi wako kule tangu asubuhi, kabla ya kamba, wampokee Mzee Abibu.

Amadi alibaki amesimama, mikono mitupu. Alilitazama jeneza mpaka kona ya mwamba ikalificha.

Njia ya mwamba haikuwa imekwisha kumwaga watu pale jibu liliporudi kwa njia ile ile. Amezikwa.

Amadi akauliza ni nani aliyeshuka kaburini. Swali likaenda, na jibu likaja: mchimbaji mmoja, hawakumjua jina.

Hapo ndipo hasira iliyokuwa damuni ikashuka, ikawa nzito, isiyotaka kelele. Alichukua mkeka waliokuwa wamekuja nao, akautandika katikati ya njia, nje ya kamba kama alivyoamriwa, akaketi miguu ameikunja. Waliomfuata wakaketi pia. Mumba na wenzake waliokuwa wakienda zao walikuja mmoja mmoja wakatoa pole, na Amadi akaipokea.

Magari yakatokea upande wa cité, kwenye barabara ya Rhodesia, matatu, yana bendera. La mbele likapiga honi. Watu wakakimbilia kandoni, wote isipokuwa mwenye kilio. Mzungu wa kofia nyeupe akachomoza kichwa dirishani, akamfokea Casimir aondoe takataka ile barabarani.

Casimir akaruka kamba, akachomoa kiboko, akamwinamia Amadi na kumsihi kwa Mungu wake na kwa Mungu wa Casimir ainuke.

"Baba yangu njo alikata hii njia," alisema Amadi, bila kuinua macho. "Piga kama unapiga. Lakini utoe kofia kwanza. Uko ku kilio."

Honi ikalia tena, ndefu. Casimir aliyatazama magari, akamtazama Amadi. Kisha akavua kofia yake nyekundu, akaiweka taratibu kwenye ukingo wa mkeka, akapiga.