Mita Mia Mbili Kabla ya Lenana

Garsen ni tambarare tupu, kwa hiyo Everline na Zamzam, walimu wa shule moja, walifanyia mazoezi yao ya kupanda mlima kwenye tuta la daraja, mabegi yamejaa mchanga na wapita njia wakiwacheka. Miezi minne walipanda na kushuka lile tuta. Kisha wakaenda Mlima Kenya, na wakarudi bila kufika kileleni.

Everline ndiye aliyekatiza safari. Zilikuwa zimebaki mita mia mbili, jua linachomoza, kilele cha Lenana wanakiona kwa macho. Lakini Zamzam alikuwa akipepesuka kama mlevi.

"Tunashuka," Everline alimwambia kiongozi wao wa mlimani.

"Usiniharibie!" Zamzam alifoka. Wakamshusha wamemshika huku na huku.

Walipofika chini kichwa kilimtulia, ila kinywa akakifunga. Siku mbili njiani, kutoka Nanyuki mpaka Garsen, hakumsemesha mwenzake. Everline naye akaanza kujitilia shaka. Je, kama ulikuwa uchovu tu, wala si ugonjwa wa hewa nyepesi ya mlimani?

Bi Nuriya, mamake Zamzam, aliwapokea mlangoni. "Haya, mlifika juu?"

"Muulize huyu," Zamzam alijibu. "Mimi nilikuwa mzima, akanirudisha."

Everline alitua begi lake. "Mama, alimshika mkono kiongozi wetu, mwanamume mzima ana ndevu, akamwita mama. Akamuuliza kama mbuzi wameshafungwa."

Zamzam aligeuka. "Mimi?"

"Mara tatu. Na glavu ukazivua ukazitupa, ukasema kuna joto."

Zamzam akavitazama vidole vyake. Ncha zake zilikuwa bado na ganzi. "Sikumbuki," alisema polepole. "Nilidhani nilizisahau kambini."

Bi Nuriya aliketi kizingitini. Akamvuta Everline karibu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umeniletea mtoto wangu. Mengine sitaki kusikia."

"Ana ndevu, nami nikamwita mama?" Zamzam aliuliza tena, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akamwangukia Everline begani. "Nisamehe, dada. Nilikununia bure."

Everline alimpigapiga mgongoni. Moyo ulikuwa umemtua mara moja, hata akahisi njaa. Alikula sahani mbili za wali palepale, kisha akalala kwenye mkeka wa Bi Nuriya mpaka jioni.