Kiti Kibichi cha Kathonzweni

Hapa Kathonzweni wasukaji wa viti wote huvuta kamba ya mkonge kuelekea kulia. Musembi peke yake, kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto, huvuta kuelekea kushoto, na miraba ya kiti chake huinamia upande wake yenyewe. Kwa hiyo Kavata, mkewe, alipoingia jikoni kwa Wariara kurudisha sufuria ya kanisa na kuona kiti kipya kimeegemezwa ukutani, hakuhitaji kuambiwa ni mkono wa nani.

Alikigusa. Kilikuwa kibichi. Mkonge husukwa ukiwa umeloweshwa ili ukikauka ukaze, na jua la huku halichelewi kukausha kitu. Aliyekisuka alikuwa hapa asubuhi hiyo hiyo, na asubuhi hiyo Musembi alikuwa ameaga kwamba anakwenda kisimani kulowesha kamba.

Mengine yakajipanga yenyewe. Siku hizi Musembi hataki kutazamwa akisuka. Amekuwa akimhimiza aende shambani mapema, yeye ambaye zamani alinuna chai ikichelewa. Na huyu Wariara ni mjane, ana hoteli yake, chapati zake laini, tena meno yote anayo. Lisemwalo lipo, Kavata alijiambia, ingawa hakuna aliyekuwa amesema lolote.

"Mama Evanson, hii kiti nani alisuka?"

"Ni mimi, Mama Mutiso."

Kavata alicheka kwa hasira. Akamwambia kwamba miaka yote wameimba kwaya moja, kumbe anaimba na mwizi. Wariara alifuta mikono, akachukua kipande cha kamba, akakipitisha kitini. Mwanamke huyu aliyezoea kumimina chai kwa mkono wa kulia alivuta kamba kwa wa kushoto, maana ndivyo alivyofundishwa na Musembi.

"Macho yake imeisha," alisema. "Mimi nasuka, yeye anapeana kwa wateja. Alisema wewe ulishika fimbo ya mama yako kipofu mpaka mkamzika. Hataki ushike ingine."

Kavata aliumia, na haikuwa huruma bado. Afadhali angemfumania. Tamaa mwanamume huipeleka popote, lakini hofu yake humletea mkewe, na Musembi alikuwa ameipeleka kwingine.

Alijitwika kile kiti hadi nyumbani, njia nzima akipanga maneno. Musembi alikuwa ameketi mlangoni, jua likimpiga usoni. Kavata akasimama mbele yake, karibu kabisa, akakishusha. Musembi alinyoosha mikono, akapapasa miraba, akatabasamu.

"Umefanya haraka, Mama Evanson," alinong'ona. "Weka ndani, uende upesi. Mama Mutiso asikupate hapa."

Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka Kavata kichwani. Alichuchumaa, akakishika kiganja cha mumewe, akakiweka shavuni pake.

"Mama Mutiso amesharudi," alisema.