Aina ya Tatu ya Kindi

Sheria ndogo ya halmashauri yetu ni fupi: msitu wowote wenye aina tatu za kindi haukatwi. Kwa nini tatu, si mbili wala tano? Niliwahi kuuliza. Nikaambiwa kuwa fomu iliyokuwepo wakati sheria inatungwa ilikuwa na mistari mitatu, na kuchapisha nyingine kungekuwa usumbufu. Basi hatima ya kila mti katika eneo letu ikaamuliwa na mashine ya kuchapa. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na minne, sishangai tena.

Kazi yangu ni kuhesabu wanyama wadogo. Mwaka jana kampuni moja ya malori iliomba ipewe msitu ulio nyuma ya kiwanda cha matofali, iugeuze maegesho. Msitu wenyewe si wa kupigia picha za kalenda. Upande mmoja watu wametupa magodoro, upande wa pili kuna choo kilichoanza kujengwa kikaachwa. Lakini ndio pekee uliobaki upande wetu wa mji, na mimi naupenda, sina sababu ya kuficha. Nilipewa wiki tatu niandike nani anaishi humo.

Aina ya kwanza niliipata kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Kindi wa jua hukaa juu kabisa, kwenye matawi yanayopata mwanga wa asubuhi, akajilaza kifudifudi huku miguu yote minne inaning'inia, kama mtu aliye likizo ya malipo. Wa pili, kindi wa vichakani, hana makuu. Anaishi chini kwenye msongamano wa mimea inayotambaa, anakula mbegu, na anagombana kutwa nzima na ndege, na mimi, na kivuli chake. Kuchakuro, yule anayechimba mashimo ardhini, hakuwepo na asingeweza kuwepo, maana yeye hutaka ardhi kavu iliyo wazi. Hilo halikumzuia mkuu wangu wa kitengo kuniuliza kama nimemtafuta kwa moyo mmoja.

Mkuu huyu tunamwita Kiyoyozi, kwa sababu hajawahi kuonekana mbali nacho. Ni mtu mwema, lazima niseme. Hajui tofauti ya kindi na panya buku, lakini hajui kwa adabu, na huwa anashukuru akielezwa, kisha anasahau kwa adabu ileile.

Katikati ya msitu kulikuwa na mti mmoja mnene wenye shimo kwenye shina. Ndani yake alikuwa amelala mnyama ninayempenda kuliko wote. Ukigonga shina taratibu kwa jiwe, anatoa kichwa na kukukazia macho makubwa, ya mtu aliyeamshwa na mgeni asiyetoa taarifa. Ana ngozi inayounganisha mikono na miguu. Akiitandaza, anateleza hewani kutoka mti hadi mti bila kugusa chini. Chini ya mkia ana magamba ya kujishikiza kwenye gome. Watu wanamwita kindi wa kuruka.

Sasa hapa ndipo penye ugonjwa wangu. Huyu si kindi. Fuvu lake si la kindi, na ukoo wake ni mwingine kabisa. Kuruka kwake kusikudanganye. Nimelisema hili kwenye semina, nimelisema harusini, na mara moja nimelisema kwenye foleni ya zahanati kwa mtu aliyekuwa ameniuliza saa tu. Kwa hiyo kwenye fomu nilijaza mistari miwili ya kindi, wa tatu nikauacha mtupu, na mnyama wangu nikamweka ukurasa wa nyuma, kwenye "Wanyama wengine". Nililia kidogo, kisha nikatia sahihi. Kwamba kwa sahihi ile nilikuwa nauua msitu nilijua. Lakini ukweli ni ukweli, nilijiambia, na nikajiona mtu mkubwa sana.

Kiyoyozi alipoipokea fomu, aliona mstari mtupu ukamkera. Fomu yenye pengo inaonekana vibaya. Akafungua ukurasa wa nyuma, akakuta neno "kuruka", akamhamishia mnyama wangu mstari wa tatu kwa mwandiko wake mzuri. Hakuniambia. Kwa wepesi huo, bila kujua na bila hata kunyanyuka kitini, bwana yule akawa ameuokoa msitu.

Nilikuja kujua kwenye kikao cha kamati, ukumbini, wajumbe watano upande mmoja na wakili wa kampuni ya malori upande mwingine. Kiyoyozi alisoma kwa sauti tulivu. Kindi wa jua, yupo. Kindi wa vichakani, yupo. Na wa tatu, akasema akitabasamu, kindi mwenye mabawa.

Mabawa! Wakili alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpole, alikuwa ameshashika muhuri. Akaniuliza, kwa heshima tu, kama mtaalamu ana la kuongeza. Jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja tu, "Hapana." Mtoto wa chekechea angeliweza.

Nikasimama. Nilieleza kwamba hana mabawa, ana ngozi. Nikaeleza magamba. Nikaeleza fuvu, na nikiwa nimeshapandwa na mori nikachora fuvu lenyewe ubaoni, pande zote mbili. Nikamalizia kwa kusema, nakumbuka kila neno, "Kitaalamu, mheshimiwa, huyu kuitwa kindi ni kosa." Kiyoyozi alinitazama bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonifanya nielewe nimefanya nini.

Nilijaribu kurudi nyuma. Nilisema kwamba mnyama huyu ni adimu kuliko kindi wote, kwamba sheria ingempenda zaidi kama ingemjua. Wakili alinishukuru kwa uaminifu wangu wa kisayansi, akaomba maneno yangu yaingie kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti akaurudisha muhuri wa kuuokoa msitu, akachukua ule wa kuruhusu ukatwe. Kwa huruma wakaongeza sharti: mti utakaoonekana una kindi ndani yake usikatwe, na mtaalamu awepo siku hiyo kuthibitisha. Mtaalamu ni mimi. Wiki iliyofuata nilipewa barua ya pongezi.

Nyumbani nilimsimulia binti yangu huku nakatakata vitunguu, kisingizio kizuri cha machozi. Huyu ni mtoto wa mume wangu. Nilimkuta ana miaka minne, sasa ana kumi na tisa. Wakati fulani jirani alisema yule si damu yangu, nikamnyima salamu miezi mitatu. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akaniondolea kisu mkononi.

"Mama," akasema, "anaishi mtini, ana mkia, watu wote wanamwita kindi. Wewe ulitaka akuonyeshe cheti cha kuzaliwa?"

Nilikuwa bado na hoja ya fuvu, lakini sikuitaja.

Siku ya kukata nilifika mapema. Msumeno ulipowashwa tu, kindi wa jua na wa vichakani walitimua mbio kuelekea kiwandani, hivyo hakukuwa na wa kuthibitisha. Miti ililala mmoja baada ya mwingine. Saa sita hivi tukafika kwenye ule mti mnene. Huyu wangu hakimbii mchana; analala. Kelele zilimfanya atoe kichwa tu, akatutazama.

Fundi wa msumeno alikuwa mzee mtaratibu, na nakala ya kumbukumbu za kikao alikuwa nayo mfukoni. Akaifungua, akasoma, akaitazama ile sura shimoni.

"Mama, hapa imeandikwa si kindi. Umesema wewe mwenyewe."

"Ni kindi," nikasema.

"Una uhakika?"

"Kindi kabisa. Weka jina langu."

Akaandika, akazima msumeno, akahamia mti wa pembeni. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini tangu niajiriwe, na ulitoka laini kama siagi. Nilibaki nimesimama pale nikiona aibu, si kwa uongo, bali kwa jinsi ulivyokuwa rahisi sasa, wakati haukuweza tena kuusaidia msitu.

Mti upo mpaka leo katikati ya maegesho, umezungushiwa kiukuta cha saruji kilichopakwa rangi nyeupe. Kiyoyozi hupeleka wageni kuutazama, na huwaeleza habari za kindi mwenye mabawa, nami hunyamaza. Mnyama aliyeumbwa kwenda mti hadi mti amebakiwa na mti mmoja. Wa pili ulio karibu uko ng'ambo ya barabara, mbali kuliko anavyoweza kuruka. Nimepima mwenyewe kwa futi kamba, na sijakosea hata inchi moja.